Sifa za Anayehamisha Programu

Iambie Python igawanye -7 kwa 2 na ikupe namba kamili: itajibu -4. Iambie C ifanye hesabu hiyohiyo: itajibu -3. Hakuna iliyokosea. Python hushuka hadi namba kamili iliyo chini, C hukata desimali na kuiacha, na kila moja inafuata kanuni yake. Kwa hiyo mashine ya kugeuza msimbo ikichukua alama ya kugawanya ya huku na kuweka ile ya kule, kompaila haitalalamika, na majaribio yote ya namba chanya yatapita. Kasoro itajificha mpaka siku atakapotokea mteja mwenye deni.

Nawasifu wanaoiona kasoro hiyo kabla ya siku yenyewe kufika: mafundi wanaohamisha programu kutoka lugha moja kwenda nyingine wakiisoma mstari kwa mstari. Kazi yao haina jina kubwa. Ikifanywa vizuri, hakuna kinachobadilika machoni pa mtumiaji, na ndiyo maana ni nadra mtu kuwashukuru.

Python 3 ilipotoka Desemba 2008, ilikuja na chombo kiitwacho 2to3 cha kugeuza msimbo wa zamani. Kwa mambo ya umbo kilifanya kazi safi. Lakini katika Python 2, 3/2 ilikuwa 1. Katika Python 3 ni 1.5. Chombo kile kiliiona alama tu, hakikuweza kujua kama herufi zilizo pembeni yake zingebeba namba kamili au za desimali, kwa sababu katika lugha hiyo jambo hilo hujulikana programu inapoendeshwa. Kikaiacha kama ilivyo. Kila mgawanyo ukahitaji jicho la mtu, na Python 2 haikuachwa rasmi hadi mwanzo wa 2020.

COBOL ndipo ufundi huu unapopimwa hasa. Ni lugha iliyoanza kubuniwa Marekani mwaka 1959, na bado hesabu nyingi za benki na bima duniani hupita humo. Chukua riba ya 3.5% kwa shilingi 1,234.50. Jibu ni 43.2075. COBOL ikiambiwa iweke jibu hilo kwenye nafasi yenye desimali mbili, na mwandishi hakuandika neno ROUNDED, hukata: 43.20. Mwingine akihamishia Java na kukadiria kama tulivyofundishwa shuleni atapata 43.21. Senti moja! Izidishe kwa akaunti zote, kila mwezi, na vitabu havitalingana tena. Isitoshe, mashine kubwa za IBM hutumia mpangilio wa herufi uitwao EBCDIC, ambamo herufi hutangulia tarakimu. Kwingi kwingine tarakimu ndizo hutangulia. Programu inayounganisha mafaili mawili kwa kutegemea mpangilio huo itahama bila kukosewa hata mstari mmoja, kisha itaruka rekodi.

Utegemezi huo haukuandikwa popote kwenye msimbo. Ulikuwa kwenye mashine, kwenye desturi ya ofisi, kwenye kichwa cha mhasibu aliyestaafu. Ndiyo maana fundi mzuri haanzi kwa kuandika. Huanza kwa kukusanya data halisi za miaka iliyopita, akaendesha programu ya zamani na mpya sambamba, akalinganisha majibu hadi senti ya mwisho. Tofauti ikitokea, haifuti. Huifuata hadi ilikotoka. Mara nyingine hugundua kwamba programu ya zamani ndiyo iliyokuwa na kosa, na kwamba watu wamelizoea kosa hilo hata taratibu zao zimejengwa juu yake. Hapo nidhamu yake huonekana. Hulihamisha kosa kama lilivyo, akaliandikia maelezo kando, kisha akawapelekea wenye kazi waamue. Kuhamisha na kurekebisha havichanganywi kwa siku moja. Ukivichanganya, majibu yakitofautiana hutajua kipi kimesababisha.

Siidharau mashine. Kompaila ya lugha ya Go iliandikwa kwa C, na kufikia Go 1.5, Agosti 2015, ilikuwa imegeuzwa kuwa Go kwa chombo kilichotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo na watu walioujua msimbo wao vizuri. Ilifaulu. Hata hivyo, watengenezaji wenyewe walitangaza kwamba kazi za kujenga programu zingechukua takriban muda mara mbili, kwani msimbo uliotoka ulikuwa Go kwa umbo tu, bila mwendo wa Go. Mpe fundi cherehani kanzu kuukuu umwambie ashone inayofanana nayo, akushonee pamoja na kiraka: ndivyo ilivyokuwa. Mafundi wakakaa kuufumua na kuushona upya kipande kwa kipande.

Vigeuzi vya leo vinavyotumia akili mnemba hutoa msimbo mzuri wa kusomeka, wenye majina yanayoeleweka na mpangilio wa kupendeza. Hilo linanitia hofu kuliko msimbo mbovu wa zamani, ambao sura yake peke yake ilimlazimisha msomaji aukague. Mwenye kupokea kurasa hizo nadhifu inampasa aziulize maswali yaleyale: namba hasi inakwenda wapi, desimali inakatwa au inakadiriwa, na nani alikuwa anautegemea mpangilio wa zamani.