Mlango Unaofungwa Ghafla: Notre-Dame du Nil

Msomaji anaweza kuona kwamba mwisho wa Notre-Dame du Nil (2012), riwaya ya Scholastique Mukasonga, umekuja ghafla mno. Mimi naona ndipo ilipo nguvu yake. Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare mwaka 1963, lakini msichana alichujwa kabla hajakifikia, tangu sekondari. Katika shule ya riwaya hii, ya miaka ya 1970, Watutsi ni wawili kwa kila wanafunzi ishirini. Virginia, binti wa wakulima kama wengi wetu Gashonga, anategemea cheti. Msako unapoanza, Veronica anauawa. Virginia anaponea chupuchupu. Mwandishi mwenyewe alifukuzwa masomoni Butare mwaka 1973, akakimbilia Burundi. Tukiwahesabu wasichana walioandikishwa, tuwahesabu pia waliotolewa darasani.