Kilwa Si Mchanga Mweupe Tu

Ndugu msomaji, leo nimekuja kulalamika, na wa kwanza kulalamikiwa ni mimi mwenyewe. Nilipomaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea, nilikaa nyumbani Mbagala nikaandika riwaya. Nilijaza kauntabuku tatu. Hadithi yenyewe ilitokea Kilwa Kisiwani. Palikuwa na mchanga mweupe, minazi, tanga za majahazi, na jini wa kike aliyekuwa akimtokea kijana mmoja usiku ndani ya magofu ya Husuni Kubwa. Kilwa nilikuwa sijafika hata siku moja. Habari zote nilizichota kwenye vipeperushi vya watalii.

Nikamsomea bibi yangu, mzaliwa wa huko huko kusini. Alisikiliza sura mbili, halafu akaniuliza, "Mume wangu, hao watu wako wanakula nini?" Nikakosa jibu. Katika kauntabuku zote tatu hakuna aliyevua samaki, wala aliyedaiwa, wala aliyeumwa jino.

Tangu hapo nimekuwa nikizisoma kwa makini kazi za wenzangu zinazohusu pwani, hizi tunazopitishiana vikaoni, na naona ugonjwa wetu ni mmoja. Iwe Lamu, iwe Bagamoyo, iwe Kilwa, mwandishi anaanza na machweo, anapita kwenye mlango wa nakshi, kisha analeta jini. Sisemi milango ile si mizuri, wala sisemi majini yafukuzwe vitabuni. Ninachosema ni kwamba tunaitazama pwani kwa macho ya mgeni aliyelipa nauli ya siku tatu, wakati wengi wetu tuna bibi na mababu huko.

Tumchukue Ibn Battuta. Alifika Kilwa mwaka 1331, na karibu kila makala inatukumbusha kuwa aliusifu mji ule kwa uzuri. Wengi tunaweka nukta hapo hapo. Kumbe msafiri huyo huyo ameeleza pia kwamba sultani, al-Hasan bin Sulaiman, alikuwa akizivamia nchi za jirani na kurudi na ngawira. Tena anasimulia jinsi sultani alivyokuwa mkarimu, hata fakiri mmoja alipomwomba nguo alizovaa, akaenda kuzivua akampa. Hebu fikiri, mwandishi mwenzangu! Mtu mmoja, mkono huu anapora na mkono huu anatoa. Mhusika kama huyo tunamwacha amesimama, sisi tunakwenda kumtafuta jini.

Na hilo jumba lake la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, tunaliandikia neno moja tu, fahari. Hatuulizi matumbawe nani aliyakata baharini, chokaa nani aliichoma, maji ya birika nani aliyateka. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala, lakini katika hadithi zetu dhahabu hiyo haina mchimbaji. Halafu tukifika mwaka 1505, Wareno walipouvamia mji na kuupora, tunataka msomaji alie. Atamlilia nani, ikiwa hatujamtambulisha kwa mtu hata mmoja?

Ngano nazo tunazionea. Sote tunaijua ile ya mgeni kutoka Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Tunaipenda kwa sababu inachekesha na inasimulika. Lakini katika masimulizi ya Kiswahili yaliyoandikwa zama za Wajerumani, mwenyeji anaitwa Mrimba, na mgeni yule alimwoa binti yake. Kisiwa kimeuzwa, baba kahamia bara, na binti kabaki na mume. Siku maji yakikupwa alitazama upande gani? Alimwambia nini mwanawe kuhusu babu yake? Wasimulizi wetu wanahesabu majora ya nguo, binti Mrimba wanampita kama mlingoti.

Mwaka 2023 wanasayansi walitoa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba katika mifupa ya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, Kilwa ikiwamo. Kwa wengi wao walikuta nasaba ya kiumeni iliyotoka zaidi Uajemi, na ya kikeni iliyotoka karibu yote Afrika, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Kwa hiyo ngano haikutudanganya kuhusu mgeni. Sisi ndio tuliomsahau mama, naye ndiye angetupa riwaya.

Wapo waliokwisha kutuonyesha njia. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate akatunga Al-Inkishafi. Uzuri wa majumba yale anautaja, tena kwa kirefu, lakini kila chombo anachokitaja kinakuwapo kwa sababu mwenyewe hayupo tena, na swali linaurudia moyo wa mshairi mwenyewe. Karibu na zama zetu kuna Abdulrazak Gurnah na riwaya yake ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi mwaka 2022. Bustani ya tajiri Aziz inapendeza mno, lakini anayeitamani ni Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Ukishalijua hilo, huwezi tena kuyaona maji na miti ile kama pambo. Nina kinyongo kimoja tu. Amina, ambaye naye aliingia nyumba ile kwa ajili ya deni, anapewa nafasi ndogo ya kusema. Huyu naye ni binti Mrimba mwingine.

Mwaka jana hatimaye nilipanda basi la kusini, nikavuka kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani. Msikiti Mkuu nimeuona, na kuba zake zilinifanya ninyamaze. Lakini kilichonikaa zaidi ni wanawake waliokuwa wakirudi kutoka mwambani na vijiti vyao na pweza, maji ya bamvua yakiwa yamekupwa. Wanaishi pale pale, jirani na magofu. Katika vipeperushi vyangu hawakuwamo.

Sasa naianza riwaya upya, na inaanza na binti Mrimba akiwa mwambani, anatafuta kitoweo. Bibi nimemsomea kurasa nne. Amesema pweza wangu nimewapika kabla ya kuwapiga, hawataiva, nirekebishe. Narekebisha. Nanyi mlio na miswada ya pwani kabatini, itoeni muisome tena kwa jicho hilo. Anayeona nimekosea aandike, ukumbi huu ni wetu sote.