Mbuzi Hakulipa Nauli: Kicheko, Urafiki na Vitabu vya Gredi ya Pili

Kama hujawahi kusoma Mbuzi, Mbwa na Ng'ombe, unaweza kukimaliza kabla chai yako haijapoa. Ni kurasa chache, kila ukurasa sentensi moja au mbili. Kimeandikwa na Fabian Wakholi na kinapatikana bure kwenye tovuti ya African Storybook, mradi ulioanzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Hadithi yenyewe pengine uliisikia kwa mjomba wako kabla ya kuiona kwa maandishi. Marafiki watatu wanapanda gari. Wakifika, Ng'ombe analipa nauli kamili. Mbwa anatoa pesa zaidi ya nauli, anangoja chenji. Mbuzi anahepa. Dereva anakasirika na kuondoka na chenji ya Mbwa. Ndiyo maana mpaka leo mbwa hukimbiza magari, mbuzi akisikia injini hutoka mbio, na ng'ombe huvuka barabara polepole kama mwenye mji.

Ni mzaha wa kale, na mtu anaweza kuuliza kama mzaha unahitaji mhakiki. Mimi naona unahitaji. Kwa mtoto wa Gredi ya Pili hapa Isiolo, sijaona kitabu chenye faida kuliko hiki, na uhaba wa vitabu vya aina yake unatuambia kitu kuhusu sisi watu wazima: tunaamini kicheko ni kitu cha mapumziko, na masomo ni kitu kingine.

Niseme ninapoongelea. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikarudi nyumbani, na sasa naishi kwa kuandika hiki na kile. Asubuhi mbili kwa wiki namsaidia shangazi yangu, ambaye ni mwalimu katika shule moja ya msingi hapa mjini, kwenye kipindi cha kusoma. Sina cheti cha ualimu. Kazi yangu ni kukaa na kikundi cha watoto nyuma ya darasa, kitabu mkononi, na kuwasikiliza.

Na Isiolo si mahali ambapo unaweza kusema neno "urafiki" kirahisi. Kwenye dawati moja utakuta Mborana, Mturkana na Mmeru. Dawati la pili Msomali, Msamburu, na mtoto wa askari aliyehamishwa juzi kutoka magharibi. Sera ya lugha inasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, lakini eneo letu lina lugha tano kabla hujafika stendi, kwa hiyo mjini kazi hiyo inafanywa na Kiswahili. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012 kulikuwa na mapigano yaliyofukuza familia nyingi makwao na kufunga shule kadhaa. Watoto ninaowasomea hawakuwa wamezaliwa. Lakini wanajua. Wanajua mtaa upi ni wa nani, na nani hapelekwi kucheza kwa nani.

Sasa chukua kitabu cha kawaida cha kusoma ukifungue kwenye mada ya urafiki. Unajua utakachokuta. Watoto wawili safi, wenye soksi. Wanasaidiana kubeba maji. Wanagawana ndizi. Mwisho kuna swali: je, rafiki mwema hufanya nini? Mtoto anajibu anachojua kinatakiwa, mwalimu anatia vyema, ukurasa unafunguliwa mwingine. Hakuna aliyedanganya, lakini pia hakuna aliyesema kitu. Wale watoto wa kitabuni hawajawahi kugombana, kwa hiyo hawawezi kumfundisha kitu mtoto ambaye amegombana asubuhi hii hii.

Sipuuzi kazi iliyofanywa. Mradi wa Tusome, ulioanza 2015, uliweka kitabu mikononi mwa kila mtoto wa madarasa ya chini, na yeyote aliyesoma watano kwa kitabu kimoja anajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Lakini usomaji ukishapimwa kwa idadi ya maneno kwa dakika, vitabu navyo huanza kuandikwa kwa ajili ya saa. Mtoto anajifunza kukimbia juu ya sentensi. Kicheko kinapoteza muda. Mtoto anayecheka anasimama, anarudi nyuma, anamwonyesha jirani, anasoma tena ule mstari kwa sauti ya Mbuzi. Kwa saa, huyo amechelewa. Kwangu mimi, huyo ndiye pekee aliyesoma.

Kuna watakaosema: lakini sisi tuna hadithi nyingi za kuchekesha kuhusu marafiki. Sungura na Fisi, je? Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Kwenye tovuti ileile kuna Kuku na Tai, hadithi ya Ann Nduku, na ni hadithi iliyosukwa vizuri. Kuku na Tai ni marafiki. Hawawezi kuruka. Wanapata wazo la kushona mbawa kwa manyoya, na sindano ni ya Tai. Tai anamaliza kushona zake, anamwachia Kuku sindano, sindano inapotea. Tangu siku hiyo Tai hushuka kuchukua vifaranga, na Kuku huchakura mchanga akitafuta. Watoto huipenda. Lakini iangalie ukiwa Isiolo. Deni la mama linalipwa na watoto, na linalipwa milele. Hiyo ndiyo hesabu ileile tunayojaribu kuitoa vichwani mwa watu.

Simlaumu mwandishi, hadithi ni ya kale kuliko sisi sote, na ukali wake ni sehemu ya uzuri wake. Ninachosema ni kwamba katika masimulizi yetu ya wanyama, "hapo zamani walikuwa marafiki" karibu kila mara ni njia ya kueleza kwa nini leo ni maadui. Urafiki umewekwa mwanzoni ili uvunjwe. Mtoto wa miaka saba ameshazoea muundo huo. Akisikia wawili ni marafiki anaanza kukisia nani ataliwa.

Ulaya na Marekani nako wana hadithi hizo, lakini kuna aina moja ya kitabu wameitengeneza ambayo sisi hatuna ya kutosha. Arnold Lobel alitoa kitabu cha kwanza cha Frog and Toad mwaka 1970, na hadi 1979 vilikuwa vinne. Mo Willems aliandika vitabu 25 vya Elephant and Piggie kati ya 2007 na 2016: tembo mwenye wasiwasi na nguruwe asiye na wasiwasi, mazungumzo matupu, hakuna msimulizi. Wahusika wawili, tatizo dogo, ugomvi wa kijinga, kupatana. Halafu kitabu kinachofuata, wako pale tena. Hapo ndipo penye ujanja wenyewe. Vitabu 25 maana yake ni kwamba wale wawili wamerudiana mara 24, na hakuna mtu aliyemhubiria mtoto kuhusu msamaha. Mfululizo wenyewe ndio funzo.

Usiniambie basi tuvitafsiri na tumalize. Kwanza, jaribu kumtafsiri Lobel. Waingereza wana jina moja la yule wa majini na jingine la yule mwenye ngozi ya mabaka. Sisi wote wawili ni chura. Kitabu kinachosimama juu ya tofauti ya marafiki wawili kinaanza kwa kuwapa jina moja. Pili, nguruwe. Katika darasa ambalo nusu ya watoto ni Waislamu, nguruwe kama rafiki mpendwa ataleta mzazi shuleni kabla ya saa nne, na mzazi huyo hatakuwa amekuja kwa ubaya. Nilimweleza shangazi wazo la kumgeuza awe ngamia. Akasema, "Ngamia hana wasiwasi? Wewe umewahi kumkama?" Akawa amemaliza uhakiki wote kwa sentensi mbili. Mhusika hahamishwi kama samani. Ngamia ana tabia zake, na kila mtoto hapa anazijua.

Tatu, na hili ndilo kubwa, Kiswahili kinachekesha kwa njia zake. Kitabu cha Kiingereza cha kuanzia kusoma hutegemea maneno mafupi yanayorudiwarudiwa. Kiswahili hakina maneno mafupi hivyo. "Hatukukungoja" ni neno moja na ni kesi nzima. Lakini kina vitu vingine. Mbwa akiwa mdogo ni kijibwa, akikasirika ukurasa unaofuata anaweza kuwa jibwa. Umebadilisha silabi moja na umebadilisha picha. Kina tanakali za sauti: mtu huanguka majini chubwi, mchangani tifu, sakafuni pu. Na unajua tunazifundishaje? Kwa orodha ya kukariri. Tumechukua kitu cha kuchekesha kuliko vyote katika lugha hii tukakigeuza kuwa swali la mtihani. Hapo nasikia uchungu kweli, kwa sababu mtoto anayejifunza kusoma silabi angeipata "chubwi" siku ya kwanza na asingeisahau hadi uzeeni.

Turudi kwa Mbuzi. Tulipokisoma mara ya kwanza, lalamiko la kwanza lilikuwa la kitaalamu: "Ticha, mbona hakuna makanga?" Gari bila makanga lilikuwa jambo lisiloaminika kuliko ng'ombe mwenye pesa. Kwa hiyo tukaongeza makanga, tukapanga viti vya matatu, tukaigiza. Mtoto aliyekuwa Mbuzi alihepa mpaka uwanjani ikabidi afuatwe.

Halafu likaja swali ambalo kitabu hakilijibu. Kitabu kinaanza kwa kusema watatu hao ni marafiki, na kinamaliza kila mmoja akiwa peke yake na gari lake. Kesho yake Mbwa alimwambia Mbuzi nini?

Darasa liligawanyika. Wengine walisema dereva ndiye mwenye deni, kwa sababu chenji iko mfukoni mwake. Wengine walisema Mbuzi, maana bila yeye kuhepa dereva asingekasirika. Msichana mmoja mtulivu, ambaye kwa kawaida hujibu kwa kutikisa kichwa, alisema Ng'ombe ana makosa: alikuwa na pesa, na rafiki zake walikuwa na shida, na yeye akashuka akaenda zake. Mvulana akamjibu kwamba Ng'ombe si mama yao. Wakabishana vikali, wakicheka, na nikagundua sijui tena nani ni wa kabila gani katika ubishi ule, kwa sababu mstari ulikuwa umechorwa kwingine: walio upande wa Mbuzi na walio upande wa Mbwa.

Fikiria walichokuwa wanajadili. Mmoja akikosa, kundi zima lilipe? Aliyedhulumiwa amdai mkosaji au amdai yeyote aliye karibu? Mwenye mali ana wajibu gani kwa rafiki? Haya ni maswali ambayo wazee katika kaunti hii huketi siku nzima chini ya mti kuyajadili, kwa mifugo halisi na wakati mwingine kwa maiti halisi. Watoto waliyagusa kwa sababu yalikuja yamevaa ngozi ya mbuzi mjanja. Ungewauliza moja kwa moja wangekupa jibu la kitabuni: amani, upendo na umoja.

Nijibu pingamizi moja la haki. Kicheko si chema siku zote. Darasa hilohilo linaweza kucheka lafudhi ya mtoto aliyekuja kutoka Merti wiki iliyopita, na kicheko hicho kinaua. Mwalimu anayekitilia shaka kicheko hajakosea. Amekiona kikifanya kazi. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kukipiga marufuku. Kiswahili kina neno ambalo tumeliacha libaki kwenye vitabu vya utamaduni: utani. Watani, hasa kule Tanzania ambako makabila mengine yamekuwa na desturi hiyo kwa vizazi, wana ruhusa ya kuchekana mpaka msibani, na ruhusa hiyo ina masharti. Nikikucheka, nawe una haki ya kunicheka. Siku ya shida, mtani anakuja. Kitabu kizuri cha kuchekesha kinafundisha masharti hayo, kwa kuwa hakuna mhusika asiyechekwa. Ng'ombe naye tulimcheka, yule mwadilifu, kwa jinsi anavyojiona barabarani.

Ninachotaka basi si kikubwa. Nataka mwandishi mmoja, anayejua Kiswahili cha stendi na cha nyumbani, atuandikie Mbuzi na Mbwa wakikutana kesho yake. Halafu kesho kutwa. Vitabu kumi, wahusika walewale, ugomvi tofauti, na ukurasa wa mwisho usiwe na swali la "umejifunza nini". Nataka mchapishaji akubali kwamba tanakali ya sauti inaweza kubeba ukurasa mzima. Na nataka wanaoidhinisha vitabu vya shule wavisome kwa sauti mbele ya watoto kabla ya kupiga muhuri, wahesabu waliocheka, na wahesabu pia waliogeuka kumwangalia jirani walipokuwa wanacheka.

Kwa sasa tuna Mbuzi mmoja, na nakala yake iko kwenye simu ya shangazi, skrini imepasuka pembeni. Watoto wanane wanaisoma kwa zamu, vichwa vimegusana. Wiki iliyopita darasa lilipiga kura kuhusu chenji ya Mbwa. Matokeo yalikuwa sare, na wameomba kesi iendelee Jumanne.