Ukungu wa Los Santos, Setingi za Eastlands

Kila gemu ya kompyuta huja na ukurasa ambao wahakiki huuruka: ule wa mipangilio ya picha. Anayelipwa kuhakiki huwa na mashine yenye nguvu. Anapandisha kila kitu hadi juu kabisa, kisha anahukumu alichokiona. Nakala ya chini kabisa haina mhakiki. Na hiyo ndiyo nakala iliyochezwa Umoja, Kayole, Dandora, Donholm na Buruburu miaka ya 2000 na baadaye, kwenye saiba na kwenye ploti ambako kompyuta ilikuwa moja na wachezaji kumi.

Nasema hivi: nakala hiyo inastahili kusomwa kivyake, na msee aliyekaa pale akishusha setingi moja baada ya nyingine alikuwa akifanya kazi ya mhariri. Lakini pia tusije tukauita umaskini mtindo. Hayo mawili inabidi yasemwe kwa pamoja, na ndiyo maana mjadala huu haukuisha siku tuliponunua simu.

Tuanze na mashine. Nyingi zilikuwa ex-UK, yaani kompyuta za ofisi zilizomaliza muda wake ng'ambo, zikaingia kwenye kontena, zikashuka Mombasa, zikafika Luthuli Avenue au kwa fundi wa mtaani. Embakasi penyewe kuna Computers for Schools Kenya, shirika lililoanzishwa 2002 kukarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Mashine kama Dell OptiPlex GX270 au GX280 iliundwa kwa ajili ya barua na mahesabu. Prosesa yake ya Pentium 4 haikuwa mbaya, ila kadi ya grafiki ya kujitegemea haikuwa nayo. Picha zilichorwa na chipu ya Intel iliyopachikwa kwenye ubao wa mashine, na chipu hiyo haikuwa na kumbukumbu yake. Ilikopa ramu. Ukiwa na ramu ya megabaiti 256, chipu inakata fungu lake, Windows XP inakata lake, gemu inaachiwa ukoko. Kununua kadi nayo ilikuwa shughuli: kasha jembamba la ofisi linataka kadi fupi, na umeme unaotolewa na pawa saplai yake ni wa kuhesabu.

Basi watu wakajifunza ujanja. Kuna gemu ambazo zikiwashwa huuliza kwanza wewe ni kadi gani, na zikisikia ni Intel zinagoma. Jibu likawa programu ndogo ya bure iitwayo 3D-Analyze. Unaandika namba mbili, 4318 na 592, na kuanzia hapo gemu inaamini inaongea na GeForce4 Ti 4600. Kwa lugha ya mtaa, kitambulisho feki. Kazi ambayo chipu haikuiweza ilitupiwa prosesa, nayo ikaifanya kwa kukokota miguu. Kabla nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS hazijafika Mombasa 2009, programu kama hiyo haikuwa kitu cha kupakua kwa dakika moja. Ilitembea kwa flashi na kwa sidii iliyochomwa, kutoka kwa mtu hadi mtu, pamoja na maelezo ya mdomo: zima hii, acha ile.

Hayo maelezo ya mdomo ndiyo uhakiki ninaouzungumzia. Yana mpangilio. Vivuli hufa kwanza. Kisha kulainisha kingo, ili kuta na waya za stima zibaki na meno ya msumeno. Kisha miakisi ya magari na maji. Halafu unashusha umbali wa kuona. Mwisho kabisa, ukiwa huna la kufanya, unapunguza nukta za kioo: 1024 kwa 768 inakuwa 800 kwa 600, inakuwa 640 kwa 480. Hapo zile monita nene zenye mgongo zilikuwa rafiki. Kioo bapa cha leo kina nukta zilizopangwa kiwandani, na ukikipa picha ndogo kinaivuta hadi inakuwa uji. Monita nene iliichora picha ndogo ikatulia.

Angalia kinacholindwa hadi mwisho: mwendo. Ukibonyeza breki, gari lifunge breki sasa hivi, si baada ya kuwa limeshagonga. Mtu anayefuata mpangilio huo ameshaamua kwamba gemu ni kitu cha kufanya kabla ya kuwa kitu cha kutazama. Hilo ni jibu kwa swali ambalo wasomi wa gemu wameliandikia vitabu, na lilijibiwa kwenye benchi la saiba kwa sababu dakika zilikuwa zinahesabiwa.

Lakini uhariri una gharama, na mhakiki asiyeitaja anauza maneno. Chukua Need for Speed: Most Wanted ya 2005. Kwenye menyu yake kuna kipengele kiitwacho Visual Treatment. Kikiwa juu, jiji la Rockport linapakwa rangi ya shaba, kama jioni ya msimu wa majani makavu isiyoisha. Hiyo rangi ndiyo hali ya moyo ya gemu yote. Kikishushwa, rangi inaondoka, na unabaki na barabara ya kijivu na polisi nyuma yako. Mbio zipo, ila utamu wa kukimbia ndani ya mwanga ule haupo. Anayesema hakuna kilichopotea hajawahi kuziona zote mbili.

Sasa Grand Theft Auto: San Andreas. Ilitoka kwenye PlayStation 2 mwaka 2004, ikafika kompyuta Juni 2005, ikiomba angalau Pentium III ya gigahezi 1, ramu ya 256 na kadi ya megabaiti 64. Mashine ya ofisi ilitimiza sharti la kwanza, ikabahatisha la pili, ikakopa la tatu. Hadithi ni ya Carl Johnson anayerudi mtaani kwao mwaka 1992 kumzika mama yake, halafu mtaa na polisi wanamsukuma nje, mji hadi mji. Kwenye setingi za chini, kivuli cha Carl ni doa la mviringo chini ya miguu. Majengo ya katikati ya jiji yanakuja kwa zamu, moja baada ya jingine, ukiwa umeyakaribia tayari. Diski ikichelewa, barabara yenyewe haijafika, unaendesha juu ya utupu ukiomba lami iwahi.

Je, hiyo ni San Andreas mbovu? Nafikiri ni San Andreas ya mtaa. Grove Street ndiyo kitu pekee kinachoonekana chote kwa wakati mmoja, kwa sababu ni kifupi na kimezibwa mwisho. Vingine vyote ni ukungu. Kwa mchezaji wa setingi za juu, kutoka mtaani ni kwenda mahali ambapo alishapaona kwa mbali. Kwa mchezaji wa Kayole, kila safari ilikuwa kuingia mahali pasipojulikana hadi ufike. Hofu ya kuvuka mpaka wa mtaa, ambayo hadithi inaitaka, aliipata hata bila kuambiwa.

Na hii si bahati tu. Waliotengeneza gemu hiyo walijua PlayStation 2 haiwezi kuonyesha ramani yote, wakatumia ukungu na utusitusi kuificha. Ni ujanja uliokuwa ukijulikana: Silent Hill ya 1999 ilificha udhaifu wa PlayStation ya kwanza kwa ukungu, na ukungu huo ukawa ndio uoga wenyewe. Ushahidi upande wa San Andreas ulikuja Novemba 2021, ilipotolewa ile nakala mpya waliyoiita Definitive Edition. Mashine za sasa zina nguvu, kwa hiyo pazia likaondolewa. Ukipanda juu vya kutosha unaona hadi ng'ambo ya jangwa. Miji mitatu iliyokuwa kama nchi nzima ikaonekana imebanana kwenye kisiwa kidogo, kama vibanda vya Mutindwa. Wachezaji walilalamika dunia nzima. Ilichukua hadi Novemba 2024 kwa sasisho kuleta chaguo la kurudisha mwanga na anga za zamani.

Soma hilo tena. Kampuni ilipandisha kila kitu juu, kazi ikaharibika, ikabidi warudi kutafuta ule ukungu. Hata kwenye nakala ya zamani ya kompyuta kuna kizuizi cha fremu kinachoishika gemu karibu na 25 kwa sekunde. Kizime kwenye mashine kali na mambo yanaanza kuvurugika: Carl anaogelea kama amefungwa jiwe. Kwa hiyo "juu kabisa" na "sahihi" si neno moja, na halijawahi kuwa.

Hapa ndipo wengine wangefunga kwa kusherehekea: tulikuwa sahihi, setingi za chini oyee. Mimi sifiki huko. Wachezaji wa ushindani wa Quake III Arena walishusha ubora wa kuta hadi zikawa rangi tupu ili adui aonekane haraka, na walikuwa na kadi nzuri. Leo wenye simu za bei mbaya wanacheza PUBG Mobile kwa picha za chini ili wapate fremu nyingi. Ulaya na Marekani kuna watu wanatafuta monita nene na kadi za miaka ya tisini kwa bei ya kushangaza, huku zetu zikinunuliwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Kwenye kioo, picha zao na yetu zinafanana. Tofauti ni kwamba wao wanaweza kupandisha wakichoka.

Na asije mtu akasema Eastlands hupenda vitu vya kawaida. Huu ndio upande wa jiji ulioleta nganya. Panda matatu ya 58 ya Buruburu: taa, skrini, michoro hadi kwenye rimu, sauti inayotikisa mbavu. Hiyo ni setingi ya juu kabisa, kila kipengele kimewashwa, hata vile ambavyo sheria haivitaki. Mtaa uliojenga hiyo unajua mbwembwe. Ulizima vivuli vya Los Santos kwa sababu mashine haikuvimudu. Basi.

Kilicho chetu kweli ni uamuzi uliofanywa ndani ya huo ufinyu. DJ Afro alipochukua filamu za mapigano na kuzisimulia kwa Kiswahili, hatukusema watu wa video waliona filamu pungufu. Tulikubali ni toleo, na toleo hilo lina mashabiki na utani wake. Aliyesoma riwaya ya inama yenye kurasa zilizong'oka bado ameisoma, na anajua pale hadithi inaporuka. Mchezaji wa setingi za chini anastahili hadhi hiyo hiyo. Ombi langu kwa wanaoandika kuhusu gemu hapa kwetu ni dogo: taja mashine. Sema ulicheza kwa chipu gani, nukta ngapi, nini kilizimwa. Bila hivyo hatujui unazungumzia kazi ipi.

Kuna sababu ya kufanya hivyo mapema. San Andreas huhifadhi chaguo zako kwenye faili moja ndogo, gta_sa.set, ndani ya folda ileile ya gemu ulizosevu. Umbali wa kuona, ubora wa picha, kizuizi cha fremu, vyote viko humo. Watu walihamisha gemu walizosevu kwa flashi, kwa sababu hakuna anayetaka kurudia misheni sitini. Faili ya setingi haikuhamishwa na mtu. Isitoshe, hadi leo panya ikikataa kufanya kazi kwenye gemu hiyo, ushauri wa kwanza unaopewa ni ufute gta_sa.set, itajitengeneza upya. Ni ushauri mzuri na unafanya kazi. Ila kinachofutwa ni kumbukumbu pekee iliyoandikwa ya jinsi mtu fulani wa Umoja alivyoiona Los Santos, na alichokubali kukikosa ili gari liendelee kwenda. Ukiikuta kwenye diski ya mashine kuukuu, inakili kwanza. Halafu ndipo ufute.