Wale wa Kwanza

Ukisimama Kedowa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kericho, mama wa viazi hakuulizi kama una pesa mkononi. Anakutajia namba, anasubiri meseji iingie, ndipo gunia linapakiwa. Mazoea haya hayakuanza na tangazo la redio. Yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa watu wasiozidi 500 waliojaribishiwa M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu.

Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, wakishirikiana na Safaricom, hawakuwaokota watu hao barabarani. Waliwapata kwa taasisi ya mikopo midogo, Faulu Kenya, kwenye vikundi vya mikopo vilivyokutana kila wiki. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Kundi la kubuniwa, hata ulipe fulana na jina tamu, halina deni wala siri kati ya wenyewe. Lakini mwenzako aliyekudhamini mkopo humwonei haya: ukisahau namba ya siri utasema, simu ikikukatalia utanung'unika mbele ya wote.

Walipewa simu, wakafunzwa, wakarudiwa tena. Shabaha ilikuwa kulipa mikopo, ila wao wakaenda kwingine. Mtu aliweka pesa kwa wakala mji mmoja, akasafiri mikono mitupu, akazitoa alikofika. Wenye biashara walilaza mauzo ya siku kwenye simu. Wengine walinunua salio wakawatumia jamaa zao mashambani. Faulu nayo ilihangaika kuoanisha malipo hayo na vitabu vyake.

Fundi mwenye kiburi angewaambia wanakosea. Hughes na Lonie waliwafuata wateja: M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, ilinadiwa kwa kutuma pesa nyumbani, na mikopo ikawekwa kando.

Jaribio dogo kama hilo ni mlango mwembamba, huudhi walioachwa nje, na nawaelewa. Ila kwa mawakala wanane tu, lalamiko la mteja mmoja lilifuatika hadi kaunta lilikozuka.

Huku kwetu kwenye chai tuna mfano wa upande wa pili. Mwaka 2011 watafiti wa Kericho walitoa mche wa chai ya zambarau, TRFK 306, nao wakulima wakaupanda kwa matumaini. Wengi wakajikuta majani yao yanapokelewa kwa bei ileile ya majani ya kijani. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, wangeketishwa wachache wao wakasikilizwa, nadhani swali lingekuwa moja: kiwanda kipi kitayasaga?