Injili Zilizoanzia Zizini

Kati ya Kitengela na Bissil, kando ya barabara iendayo Namanga, fundi wa vitabu wa Konstantinopoli ya miaka 1,000 iliyopita angepata karibu kila alichokihitaji. Mbuzi na kondoo wametapakaa uwandani. Mawe ya chokaa huchimbwa katika kaunti hii hii ya Kajiado na kupelekwa kwenye viwanda vya saruji vya Athi River. Migunga hutoa gundi. Hata ujuzi wa mikono upo: mama wa Kimaasai aliyefundwa kazi na nyanya yake anajua kuiwamba ngozi mbichi juani kwa vigingi, kukwangua nyama na mafuta yaliyogandamana nayo, kisha kuikagua kwa ncha za vidole ajue ni wapi imebaki nene.

Mtu mwenye vidole kama hivyo anaweza kukiona kitabu cha kale cha Injili kwa jicho ambalo maprofesa wengi hawana. Miswada ya Agano Jipya kwa Kigiriki iliyoorodheshwa duniani inazidi 5,000, ukijumlisha vitabu vizima na vipande vilivyosalia, na kwa karne nyingi, kabla karatasi haijashika nafasi, vitabu hivyo viliandikwa juu ya ngozi. Sifa humwendea mnakili kwa mwandiko wake, na mchoraji kwa dhahabu na rangi alizompaka Mathayo au Yohana. Aliyeitengeneza ngozi yenyewe hatajwi. Lakini bila yeye kusingekuwa na pa kuweka kalamu, na kazi yake ilikuwa ngumu kuliko wengi wanavyodhani.

Ngozi ya kuandikia si ngozi ya kiatu. Ya kiatu hutiwa dawa au magome ya miti ili isioze na iwe laini. Ya kuandikia haipitii huko. Huloweshwa katika maji ya chokaa kwa siku kadhaa mpaka manyoya yalegee, hukwanguliwa pande zote mbili, kisha hufungwa kwa kamba kwenye fremu ya mbao na kuvutwa ingali mbichi. Hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Nyuzi zilizosokotana ndani ya ngozi hulala bapa kwa nguvu ya mvuto, na zikikauka katika hali hiyo hazirudi tena zilikotoka. Fundi hupara kwa kisu kilichopinda, hukaza kamba, hupara tena, hukaza tena. Akiiacha nene, kitabu hakitafungika vizuri. Akizidisha, inatoboka.

Na hutoboka kweli. Mkwaruzo mdogo wa kisu cha mchinjaji, au kovu la kupe, hufunguka chini ya mvuto na kuwa tundu la mviringo. Fundi hakuwa radhi kuitupa ngozi kwa dosari ndogo, na mnakili naye alijifunza kulipita tundu, akiandika nusu ya neno upande huu na nusu upande wa pili. Kurasa za namna hiyo zinapendeza kuliko zile zisizo na ila yoyote, kwa sababu ndani yake mnyama, fundi na mnakili wanaonekana kwa pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo mchunaji ngozi yeyote angelitambua mara moja. Upande uliokuwa na manyoya huwa na umanjano kidogo na vitone vya vinyweleo. Upande wa nyama huwa mweupe zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19, msomi Caspar René Gregory alionyesha kwamba mafundi walizikunja na kuzipanga ngozi ili kila kitabu kinapofunguliwa, manyoya yatazamane na manyoya na nyama itazamane na nyama. Kurasa mbili zilizo mbele ya msomaji zikawa na rangi moja. Kwa kawaida vipande vinne vya ngozi vilivyokunjwa katikati vilifanya kijitabu cha kurasa 16, na vijitabu hivyo ndivyo vilivyoshonwa pamoja kuwa Injili.

Gharama yake? Mfano ulio wazi hautoki kwenye Biblia bali kwenye kitabu cha mwanafalsafa Plato, kilichonakiliwa mwaka 895 kwa agizo la Arethas, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Kaisaria, na ambacho leo kimo katika Maktaba ya Bodleian huko Oxford. Arethas aliacha kumbukumbu ya malipo: sarafu 13 za dhahabu kwa mwandiko na 8 kwa ngozi. Karibu sehemu mbili kati ya tano za gharama zilikwenda kwenye ngozi tupu, kabla wino haujagusa kitu. Chukua Injili nne za majani makubwa 300, yaani mikunjo 150 ya majani mawili mawili. Kila ngozi ikitoa mikunjo miwili, kitabu kimoja kimemaliza wanyama 75. Hilo ni kundi zima, na mwenye kundi Kajiado aliyepita katika ukame wa 2022 anajua uzito wa kulihesabu.

Upatikanaji wa ngozi nao ulikuwa na majira. Katika karne ya 13, Gregorio wa Kipro, aliyekuja kuwa Patriaki wa Konstantinopoli, aliandika kwamba kazi ya kunakili kitabu alichokitaka ingesubiri majira ya kuchipua, watu watakapoanza tena kula nyama na ngozi zipatikane. Basi kitabu kilifuata kalenda ya bucha. Waumini wanaoshinda Kwaresima nzima bila nyama kisha kufurika kwenye bucha za Kitengela siku ya Pasaka wangemwelewa Patriaki huyo bila kufafanuliwa.

Uchache huo wa ngozi ulimfuata mnakili hadi kwenye meza yake. Zamani Injili ziliandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama moja moja. Katika karne ya 9 mwandiko mdogo wa kuunganisha herufi ulishika kasi, na inaaminika kuwa faida yake mojawapo ilikuwa kuingiza maneno mengi zaidi katika ukurasa mmoja. Kitabu cha kale zaidi cha mwandiko huo chenye tarehe ni cha Injili: mtawa Nikolaos alikimaliza tarehe 7 Mei 835, na sasa kimehifadhiwa St. Petersburg. Katika monasteri ya Stoudios mjini Konstantinopoli, kanuni zilikuwa kali. Asiyeweka ngozi zake safi aliadhibiwa kwa toba 130. Aliyepika gundi nyingi ikamkaukia, 50. Aliyevunja kalamu kwa hasira, 30. Tazama mpangilio wa adhabu hizo: kuchafua ngozi kulihesabiwa kuwa kosa zito mara nne na zaidi kuliko kuvunja kalamu. Mwanzi wa kuchonga kalamu ulipatikana upesi. Ngozi haikupatikana upesi.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na ufundi huu. Katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa huko Ethiopia, zipo Injili za lugha ya Ge'ez, zilizotafsiriwa kutoka Kigiriki na kuandikwa juu ya ngozi ya mbuzi. Vipimo vya kaboni vimeziweka kati ya karne ya 4 na ya 7. Ni kongwe kuliko Injili ya Nikolaos kwa karne kadhaa. Na Waethiopia hawakuacha: mpaka leo wapo mafundi wanaowamba ngozi ya mbuzi kwenye fremu na kuipara iwe brana, ngozi ya kuandikia vitabu vya kanisa. Kazi hiyo imedumu kwa karne nyingi, ng'ambo ya mpaka wa Moyale.

Kajiado haikupata kuwa na vitabu vya namna hiyo. Makanisa yake yanasoma Biblia Sinyati, Biblia kamili ya Kimaasai iliyochapishwa na Chama cha Biblia cha Kenya mwaka 1991, kwenye karatasi ya kiwandani. Ngozi za mbuzi, kwa upande wake, zimeporomoka bei nchini miaka ya karibuni hadi nyingine zinatupwa, na ni huzuni kuona kitu ambacho Patriaki alilazimika kukingojea kikiozea nyuma ya machinjio.

Wakati huohuo wanasayansi wanairudia ngozi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha York walieleza njia ya kuusugua ukurasa taratibu kwa kifutio, kukusanya chembe zinazodondoka, na kupima protini zilizomo bila kukata hata kipande cha mswada. Jibu linalotoka maabara hutaja mnyama: kondoo, mbuzi au ndama. Wanaendelea kutafuta jinsia yake, ukoo wake na mahali alikochungwa, maswali yaleyale ambayo mnunuzi huyauliza kila siku ya soko pale Bissil kabla ya kutoa pesa.