Ngozi ya Gurudumu

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii nimeikumbuka kwa uchungu mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili nilikuwa nimechuchumaa mbele ya gurudumu la pikipiki.

Tumezoea kuona wahakiki wakihukumu mashairi na riwaya. Leo naomba ruhusa ya msomaji nihakiki kazi za mafundi wa aina mbili: yule anayepaka gurudumu kwa rangi ya unga na kulichoma katika tanuri, na yule anayelipulizia rangi ya kopo iliyochanganywa na thina. Kila mmoja ana wafuasi wake, na kila kundi huapa kwamba jingine limepotea. Mimi nimewahi kuwa katika makundi yote mawili.

Tuanze na unga, maana ndio wenye sifa nyingi siku hizi. Ni mkavu na laini kama poda. Fundi huupuliza kwa bunduki inayoutia chaji ya umeme, na chuma chenyewe huwa kimeunganishwa na ardhi, basi unga hukirukia na kukiganda. Kisha chuma huingizwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, kwa dakika 10 hadi 20, unga ukayeyuka, ukatandaa na kushikana kuwa ngozi moja ngumu. Kazi hii ilianzia kwa Mjerumani Erwin Gemmer, aliyekuwa akichovya vyuma vya moto katika unga wa plastiki miaka ya 1950. Bunduki ya umeme ilikuja kuenea miaka ya 1960. Sisi wa huku tumeizoea zaidi katika madirisha ya alumini.

Na ni kwa fundi wa madirisha nilikopeleka magurudumu yangu. Nilikuwa na Honda CG 125 ya magurudumu ya spoki, na rimu zake zilikuwa zimeanza kuota kutu, kama kila chuma kinavyoota kutu hapa Tanga tunapovuta chumvi pamoja na hewa. Fundi aliniuliza kama nitayafungua magurudumu, spoki zitoke, rimu na habu zipakwe mbalimbali. Nikapiga hesabu ya fedha za kufungua na kusuka upya, nikasema yapakwe hivyo hivyo yalivyo.

Yaliporudi nilitamani yalale chumbani. Yalikuwa meusi, yaking'aa, hakuna tone lililochuruzika wala alama ya brashi. Majirani walikuja kutazama. Nami nikatoa hukumu papo hapo, kama mhakiki aliyesoma jalada akaacha kitabu: rangi ya kopo imekwisha kazi yake duniani.

Mwaka haukupita. Spoki mbili zililegea, na kukaza spoki ni kuzungusha nati yake ndogo pale inapoingia katika rimu. Unga ulikuwa umegandisha nati na rimu kuwa kitu kimoja. Nilipolazimisha, ngozi ile ikapasuka kuzunguka kila nati niliyoigusa. Maji ya chumvi yakapata mlango. Kwa nje rimu iliendelea kung'aa. Kwa ndani kutu ilitambaa chini ya ngozi, na siku nilipoikwangua kwa ukucha, kipande kikubwa kama kiganja kilibanduka chote, na chini yake chuma kilikuwa chekundu.

Kasoro nyingine niliielewa baadaye. Chaji ya umeme haiingii vizuri katika pembe zilizojificha. Unga hupenda uso ulio wazi, hukwepa kona. Kwa hiyo pale spoki zinapokutana na habu, mahali maji yanapotuama kuliko kwingine kote, ndipo ngozi ilipokuwa nyembamba kuliko kote.

Nikahamia kundi la pili kwa hasira ya mtu aliyeachwa. Safari hii rimu zilifunguliwa, zikasuguliwa kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, zikapigwa praima, kisha rangi, kisha vanishi. Hazikupendeza kama zile za kwanza. Kokoto ziliziparura mapema, na petroli iliyomwagika ilififisha mng'ao. Lakini kila kidonda nilikiona siku kilipotokea. Nilichukua msasa, praima kidogo na brashi ya mtoto wa shule, nikakiziba jioni ile ile. Unga hauna kiraka cha namna hiyo. Ukishajeruhiwa, dawa kamili ni kuuvua wote na kurudi tanurini.

Hata hivyo nisiisifu rangi ya kopo kupita kiasi. Aina yake iliyo imara, ile inayochanganywa na kigumishi, hutoa mvuke unaoweza kudhuru mapafu, na mafundi wetu wengi huipuliza wakiwa wamejifunga kitambaa puani tu. Unga hauna thina, na unaoanguka chini waweza kukusanywa ukatumika tena. Anayehesabu gharama ya gurudumu asisahau kifua cha fundi.

Ningeishia hapo, nikatoa hukumu ya pili iliyo kinyume cha ya kwanza na yenye haraka ile ile. Lakini mpwa wangu alinunua pikipiki.

Ilikuwa imeshatumika, yenye magurudumu ya alumini ya kumimina, yale yasiyo na spoki wala mpira wa ndani. Anaitumia kubeba abiria. Alichopenda, alikiri mwenyewe, ni magurudumu: yalikuwa yametoka tu kupakwa unga, meusi kama kioo usiku. Tatizo lilikuwa dogo. Tairi la mbele lilikuwa likipungua upepo kila baada ya siku mbili. Waziba pancha watatu walilizamisha majini wasione msumari wala tundu.

"Shikamoo, Mjomba," aliniambia alipokuja. "Wewe unajua mambo ya rangi. Limeanza kuchubuka hapa pembeni. Nirudishe unga au nipulize rangi ya kawaida?"

Nilimwambia tutajibu tukishaliona gurudumu lenyewe. Hakufurahi. Tulitoa tairi, tukavua ile ngozi kwa dawa ya kubandua rangi, kazi ya mchana mzima, kwani ulikuwa umepakwa mnene. Kisha nikafanya jambo nililoonyeshwa zamani na fundi mmoja wa mashine: nikapaka mafuta ya taa, nikaacha kidogo, nikafuta pakavu kabisa, nikapaka unga wa chaki. Palipo na ufa mafuta hubaki ndani, yakatoka taratibu na kuilowesha chaki.

Mstari ulijichora mbele ya macho yetu. Ulianzia ukingoni mwa rimu, pale panapopigwa na mashimo ya barabara, ukashuka karibu na mkono mmoja wa gurudumu. Ulikuwa na urefu wa kidole changu cha shahada. Mtu fulani aliuona kabla yetu, au hakutaka kuuona, akaufunika kwa ngozi nzuri na kuuza. Upepo ulikuwa ukijaribu kutuambia habari hiyo kila baada ya siku mbili.

Mpwa wangu hakusema neno kwa muda. Kisha akasema, "Jana nilibeba mama na mtoto." Hakuuliza tena habari za rangi siku ile.

Tangu hapo nimebadili kipimo changu cha uhakiki. Zamani niliihukumu rangi siku inapotoka kwa fundi. Sasa nauliza itashindwaje siku ikishindwa, na je, itaniambia? Rangi ya kopo hushindwa hadharani, ikachubuka na kuonyesha kidonda. Rangi ya unga hustahimili muda mrefu zaidi, lakini ikishindwa aghalabu hushindwa kwa siri.

Kwa kipimo hicho, gurudumu la spoki lililokwisha sukwa, hasa kwetu pwani, mimi nalipa rangi ya kopo bila kusita. Anayetaka unga na afungue spoki zote, apake rimu na habu peke yake, aziache nati huru. Gurudumu la kumimina ni kesi nyingine. Halina nati za kukaza, na uso wake uko wazi. Hapo unga unastahili sifa zake, kwa masharti. Kwanza livuliwe hadi alumini ionekane na kukaguliwa ufa. Beringi na sili za mpira zitolewe, maana joto la tanuri litaziua. Makalio ya beringi na mahali diski ya breki inapofungwa pazibwe, yasiingie hata vumbi la unga: ngozi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni ndogo kwa macho, ila beringi itakataa kukaa, na boliti iliyokazwa juu ya rangi hulegea rangi inapobonyea. Tena tanuri lisirudiwe-rudiwe, wala joto lisipitilize, kwa sababu alumini iliyoimarishwa kwa joto hupoteza ugumu wake kwa joto.

Gurudumu lile la mbele tulilikata vipande viwili kwa msumeno kabla ya kulitupa kwa wauza chuma chakavu, asije mtu mwingine akalivika tena. Mpwa wangu alinunua jingine, akalipaka chaki kabla ya kulilipia, muuzaji akimcheka. La nyuma, lililokuwa zima, tulilipeleka tanurini. Linang'aa, nami sasa nalisifu kwa moyo mweupe, kwa kuwa najua kilicho chini yake.